Nukta Nne, Nukta Tatu: Jinsi Bibi Alivyotufundisha Kuangalia Vipepeo

Tuanze kwa kukiri kosa. Siku ya familia mwaka huu, chama chetu kilijitolea kuwaongoza wageni wanaozungumza Kiswahili katika nyumba ya vipepeo iliyo karibu na chuo. Walikuja wazee, kina mama na watoto: Wakongo, Wakenya, Watanzania na familia mbili kutoka Burundi. Wengi wao wakija kwenye shughuli za chuo hukaa kimya, kwa kuwa kila kitu kinaelezwa kwa Kiingereza. Safari hii wasemaji tulikuwa sisi. Nasi tukawaambia jambo lisilo la kweli.

Ilikuwa hivi. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na ndani vipepeo wengi walikuwa wametulia. Kwenye kichaka cha lantana, ule mmea wa vishada vya maua madogo ambao kwetu Afrika Mashariki huota kama magugu, walikuwepo vipepeo wawili weusi. Kila mmoja alikuwa na mkanda mwekundu kwenye bawa la mbele na mstari wa njano kwenye bawa la nyuma. Bibi wa mwenzetu mmoja, aliyekuja kutoka Tanga kuwatembelea wajukuu, akauliza, “Hawa ni mtu na mkewe?” Tukajibu bila kusita, “Ndiyo, bibi. Dume na jike.” Watoto wakaandika kwenye madaftari yao: dume na jike.

Bibi hakuridhika. Aliomba simu yenye picha tuliyopiga vipepeo wale walipokuwa wamefumba mabawa. “Hebu kuzeni hapa, bawa linapoanzia,” alisema. Akasogeza simu mbali kidogo na macho, kisha akahesabu polepole. “Huyu ana nukta nyekundu nne. Huyu ana tatu. Wajukuu zangu, mimi nimechambua mchele tangu sijaolewa. Chuya naijua. Hawa si wamoja.”

Tulimwendea mfanyakazi wa pale. Akacheka, akasema bibi amepatia. Hawakuwa dume na jike. Walikuwa spishi mbili tofauti: mwenye nukta nne ni Heliconius erato, na mwenye nukta tatu ni Heliconius melpomene. Tangu siku hiyo tumekuwa tukisoma habari zao, na tunayoyaandika hapa ndiyo tuliyopaswa kuwaeleza wageni wetu.

Vipepeo hawa ni wa Amerika ya kitropiki, kuanzia nchi za Amerika ya Kati hadi Brazili. Carl Linnaeus aliwapa wote wawili majina mwaka 1758, akiyachukua kwa miungu wa kike wa sanaa wa Wagiriki wa kale. Ukiwatazama juu ya mabawa utadhani mmoja ni kivuli cha mwenzake. Lakini ukoo wa erato na ukoo wa melpomene ulitengana mamilioni ya miaka iliyopita, na kila mmoja wao ana ndugu wa karibu zaidi ambao sura zao ni nyingine kabisa. Kufanana kwao hakukutokana na undugu. Basi kumetokana na nini?

Wa kwanza kulieleza vizuri suala la kufanana kwa vipepeo alikuwa Mwingereza Henry Walter Bates. Alifika Amazon mwaka 1848 pamoja na rafiki yake Alfred Russel Wallace, akakaa huko miaka 11. Kati ya makundi ya vipepeo wenye ladha mbaya, ambao ndege hawawagusi, Bates aligundua wachache wa ukoo mwingine waliovaa rangi zile zile, ingawa wao wanalika bila shida. Mwaka 1862 alichapisha maelezo yake: asiye na sumu anaponea kwa kufanana na mwenye sumu. Alichotumia kuwatambua hakikuwa rangi. Waigaji wale ni wa jamii ya vipepeo weupe, ambao husimama kwa miguu sita, ilhali wale walioigwa husimama kwa minne, kwa sababu miguu yao ya mbele imekuwa midogo mno. Mwili ulitoa siri ambayo bawa lilikuwa limeificha.

Erato na melpomene, hata hivyo, wote wana sumu. Viwavi wao hula majani ya mimea ya jamii ya mkarakara, ile inayotupa matunda ya pasheni. Miilini mwao mna kemikali zinazotoa sayanidi, na mojawapo ni ile ile iliyomo katika muhogo mchungu. Bibi alipoelezwa hili alitikisa kichwa, akasema, “Kumbe ndege nao wanajua muhogo usiolowekwa!” Na tusisahau kwamba muhogo na pasheni vyote viwili asili yake ni Amerika ya Kusini, kabla ya kuvuka bahari na kufika mashambani kwetu.

Kama wote wana sumu, kwa nini waigane? Jibu lilitolewa mwaka 1879 na Fritz Müller, Mjerumani aliyehamia Brazili. Ndege hazaliwi akijua kila kipepeo mbaya. Lazima aonje, ateme, akumbuke. Tuchukue mfano wa kubuni. Ndege wa bonde moja wanahitaji kuonja vipepeo 100 wa sura fulani ndipo wote wapate funzo. Spishi mbili zikiwa na sura mbili, kila moja italipa vipepeo 100. Zikiwa na sura moja, zitagawana hasara hiyo hiyo ya 100. Ni kama kuchangia gharama za msiba: mzigo ni ule ule, ila mabega yameongezeka.

Jambo lililotushangaza zaidi ni hili. Erato hana sura moja. Ana sura zaidi ya 20, kila moja na eneo lake. Amerika ya Kati ana mkanda mwekundu na mstari wa njano, kama tulivyomwona. Katika sehemu kubwa ya bonde la Amazon, erato huyo huyo ana doa la njano kwenye bawa la mbele, wekundu kwenye shina la mabawa, na mistari myekundu iliyosambaa kama miali ya jua kwenye bawa la nyuma. Na kila erato anapobadilika, melpomene wa mahali hapo naye hubadilika. Kwa hiyo melpomene wa Kosta Rika anafanana na jirani yake erato kuliko anavyofanana na melpomene mwenzake wa Amazon. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba jeni moja, inayoitwa optix, ndiyo inayopanga sehemu nyekundu katika spishi zote mbili. Vipepeo wenyewe, inapofika wakati wa kujamiiana, hawategemei rangi peke yake. Harufu nayo huwasaidia kumjua aliye wao.

Tulipofika hapa tukajiuliza: je, kwetu hakuna mambo kama haya? Yapo, tena ukiwa umekaa barazani. Binamu wa mwenzetu, aliyeko Kilifi, alitutumia picha mbili za vipepeo wa rangi ya chungwa, wenye ncha nyeusi na madoa meupe kwenye bawa la mbele. Mmoja ni Danaus chrysippus, mwenye sumu aliyoitoa kwenye mimea ya utomvu mweupe. Mwingine ni jike la Hypolimnas misippus, asiye na sumu, anayemwiga. Hapa pia jibu liko kwenye nukta: katikati ya bawa la nyuma chrysippus ana nukta nyeusi tatu au nne, na misippus ana moja tu. Na dume la misippus? Ni jeusi, lenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na mng'ao wa zambarau. Ungeapa kuwa si jamaa wa jike lake. Siku ile tuliwaita dume na jike wawili wasio hata spishi moja. Tungeonyeshwa dume na jike halisi wa misippus, bila shaka tungesema ni spishi mbili.

Misippus huyu anapatikana pia katika visiwa vya Karibi na kaskazini mwa Amerika ya Kusini, ambako chrysippus hayupo. Anaendelea kuvaa sura ya jirani aliyebaki ng'ambo ya bahari. Sisi tuliozaliwa huku tulipolisoma hilo tulitazamana, tukacheka kidogo.

Kwa wanaotaka kujaribu, hizi ndizo hatua tunazofuata sasa. Kwanza, usikimbilie kupiga picha ya juu ya mabawa, kwa maana huko ndiko waigaji wanakofanana zaidi. Subiri kipepeo afumbe mabawa, umpige ubavuni. Pili, angalia bawa la nyuma linapoungana na mwili, uhesabu nukta nyekundu kwenye picha iliyokuzwa: nne ni erato, tatu ni melpomene. Tatu, hesabu miguu. Nne, andika mahali kipepeo alipotoka, maana sura ya Panama si sura ya Peru. Katika nyumba za vipepeo jambo hili ni muhimu zaidi, kwa kuwa wakazi wake hutoka pande nyingi za dunia. Wengine hutoka pwani yetu: tangu mwaka 1993, wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Gede nchini Kenya, hufuga vipepeo kupitia mradi uitwao Kipepeo, na pupa wao huuzwa ng'ambo. Na tano, kama hujui, sema hujui.

Hatua hiyo ya tano ndiyo iliyotushinda siku ile. Tumejiuliza kwa nini. Kiswahili chetu ni cha nyumbani: cha chakula, salamu na kukaripiwa. Tulipoulizwa jambo la kisayansi mbele ya wazee, tuliogopa kuonekana hatuijui lugha, tukatoa jibu fupi lililokuwa rahisi kutamka. “Dume na jike” tuliweza kuyasema. “Sina hakika, bibi, ngoja tuulize” nayo tuliweza kuyasema, ila aibu ilitutangulia.

Tumeandika kibao kipya kwa Kiswahili, na uongozi wa nyumba ya vipepeo umekubali kukiweka karibu na kichaka cha lantana. Walimu wetu wametusahihishia ngeli. Pia tumezipigia simu familia zilizokuja, moja baada ya nyingine, ili watoto wasahihishe madaftari yao. Mtoto mmoja wa Kikongo alituuliza, “Sasa niandike nini?” Tukamwambia afute “dume na jike”, kisha aandike: nukta nne, nukta tatu, hesabu mwenyewe.