Kuitunza Kompyuta na Kuzisoma Alama za Umeme

Kompyuta ya madrasa yetu, ambayo ndani yake tumeweka majina ya wanafunzi na mitihani yao, ilianza kuzimika yenyewe kila baada ya nusu saa. Wazee wa kamati walikwisha kuamua iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na wazazi wachangishwe fedha za kununua nyingine. Ndipo kijana mmoja tuliyemsomesha zamani alipoomba aifungue kwanza. Tuliyoyaona ndani yalitutahayarisha: feni imezibwa na vumbi mfano wa sufi. Ugonjwa wote ulikuwa huo, kwani joto likikosa pa kutokea, kompyuta hujizima ili isiungue. Kwa kazi ya robo saa na brashi laini, wazazi wakaepukana na mchango.

Lakini siku ya pili yake tulimkuta mwanafunzi ameshika bisibisi, anakifungua kile kisanduku cha chuma kilicho ndani ya kompyuta, kinachopokea umeme wa ukutani. Tulipomzuia alitujibu, "Lakini mwalimu, waya nimekwisha kuuchomoa." Jawabu hilo ndilo lililotushikisha kalamu, maana twaogopa kuwa wako wengi wadhanio kama yeye.

Wasomaji wetu na wajue kuwa ndani ya kisanduku hicho mna kapasita, na kazi yake ni kuweka akiba ya umeme. Waya ukichomolewa, akiba ile haiondoki papo hapo, nayo yaweza kumpiga mtu hata ikamwua. Basi asikifungue ila fundi aliyesomea.

Ama kazi imfaayo kijana nyumbani ni hii. Izime kompyuta, uchomoe waya, kisha ubonyeze swichi ya kuwashia kwa muda wa sekunde 10. Fungua kifuniko cha ubavuni, uguse chuma cha sanduku kabla ya kugusa kitu kingine, kwani umeme mdogo ulio mwilini mwetu, tusiouhisi, waweza kuviharibu vipande vya ndani. Izuie feni kwa kidole isizunguke, upanguse vumbi kwa brashi kavu, wala usitumie kitambaa cha maji. Na ukiona saa na tarehe zarudi nyuma kila uiwashapo, usidhani imekufa. Mara nyingi ni ile betri ndogo ya volti 3, mfano wa sarafu, iliyokwisha nguvu.

Baada ya usafi yafuata kusoma. Mafundi huchora njia za umeme kwa alama, na herufi za alama hizo huandikwa pia juu ya ubao wa ndani wa kompyuta. Mistari miwili iliyo sambamba pasipo kugusana ni kapasita, ile yenye akiba tuliyoitaja. Herufi yake C. Mstari wa menomeno kama msumeno, au mstatili mtupu, ni rezista, ipunguzayo mwendo wa umeme. Herufi yake R. Kipimo chake ni omu, kwa jina la Georg Ohm, Mjerumani aliyeitangaza kanuni yake mwaka 1827. Pembetatu iliyogota kwenye kijistari ni dayodi, D: umeme hupita upande uelekeako ncha, wala haurudi. Ikiwa na vishale viwili vitokavyo nje, hiyo ni taa ndogo. Betri ni mstari mrefu na mfupi, na ule mrefu ndio chanya.

Tena kuna nukta. Mistari ikikatana penye nukta, nyaya hizo zimeungana. Pasipo nukta, mmoja wapita tu juu ya mwingine. Mtoto wa chuoni hatastaajabu, kwani ajua kuwa nukta moja chini ni be, na mbili juu ni te. Aisahauye nukta kitabuni husoma neno jingine. Aisahauye katika umeme huunguza chombo.

Yule mwanafunzi sasa ana daftari la kuchorea alama hizo, na bisibisi tumemwekea mpaka azijue zote. Nanyi wazazi, twawaomba mfanye vivyo hivyo: herufi kwanza, chombo baadaye.