Cheo Hujipa Mtawala, Jina Humpa Raia

Mwaka 1331 msafiri kutoka Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa akamkuta sultani aliyeitwa al-Hasan bin Sulaiman. Kwa wengi, hata hivyo, huyo alikuwa Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Zawadi. Ibn Battuta anasimulia kwamba siku ya Ijumaa, sultani akitoka msikitini, fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaenda kuzivua, akampa. Alipofariki, nduguye Dawud alikalia kiti, na waombaji walipomjia aliwajibu kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Ndugu mmoja ameacha jina, mwingine ameacha jibu hilo tu.

Lakini msafiri huyohuyo ameandika pia kwamba Baba wa Zawadi alikuwa akivamia nchi za bara mara kwa mara na kurudi na ngawira. Zawadi zilitoka huko. Waliopokea walimpa jina zuri, nalo limefika kwetu. Walioporwa nao bila shaka walikuwa na jina lao kwa mtu yule, ila hakuna mwandishi aliyepita kwao kuwauliza.

Hapo ndipo penye kiini cha habari ya majina ya watawala. Jina la mkubwa lina wenyewe wawili: anayeitwa na wanaoita. Mara nyingi wanalitamka jina moja, kila upande ukiwa na hadithi yake.

Mlio wa bunduki au kope za macho?

Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa Unguja aliyejipatia himaya huko Manyema, anajulikana duniani kwa jina la Tippu Tip. Katika kitabu cha maisha yake, alichokiandika kwa Kiswahili, anaeleza kuwa jina hilo lilitokana na mlio wa bunduki zake vitani. Wengine walisema jambo la kawaida zaidi: macho yake yalikuwa na tabia ya kupepesa, na watu wakamwita kwa kope zake. Mwenye jina alichagua maelezo yanayomfaa. Mtu aliyeteuliwa mwaka 1887 kuwa gavana wa Stanley Falls, kwa niaba ya dola ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, asingependa kukumbukwa kwa kupepesa macho.

Mtemi Mirambo wa Unyamwezi hakuhitaji kuchagua. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtyela Kasanda. Mirambo ni jina la vitani, na kwa Kinyamwezi ni maiti. Akiwa na ruga-ruga, wapiganaji wake, alizibana njia za misafara ya Tabora kuanzia 1871, na jina hilo likawa linatangulia jeshi lake kijijini. Henry Morton Stanley, aliyekutana naye mwaka 1876, alimfananisha na Napoleon. Sifa hiyo ilibaki vitabuni. Huku kwetu alibaki Mirambo, na nchi yake inaitwa Urambo hadi leo.

Wageni nao wakabatizwa

Wazungu walipokuja kutawala walikuja na vyeo virefu, lakini wenyeji hawakuvijali. Carl Peters, aliyezunguka na mikataba yake mwaka 1884 kuitwaa Tanganyika kwa ajili ya Ujerumani, aliitwa Mkono wa Damu. Kati ya 1891 na 1892, akiwa Kilimanjaro, aliamuru mtumishi wake na msichana mmoja wanyongwe. Habari zilipofika Berlin zilizua kelele bungeni, na mwaka 1897 alifukuzwa kazi. Serikali yake ilichukua karibu miaka sita kufikia hukumu ambayo jina la Kiswahili lilikuwa limekwisha kuitoa.

Kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski aliitwa Nyundo. Tarehe 17 Agosti 1891 aliingia Lugalo na kikosi chake, na Wahehe wa Mtemi Mkwawa wakamuua hapo pamoja na askari wengi.

Mfano ulio wazi kuliko yote, hata hivyo, ni wa Stanley mwenyewe. Alipokuwa akipasua miamba ili kutengeneza njia kandokando ya Mto Kongo, wenyeji walimwita Bula Matari, Mvunja Mawe. Alilipenda sana. Liliandikwa hata kwenye jiwe la kaburi lake huko Pirbright, Uingereza, alipozikwa mwaka 1904. Wakati huo Wakongo walikuwa wamekwisha kulihamishia kwa dola nzima. Bula Matari akawa askari anayedai mpira, akawa afisa wa kodi, akawa serikali. Kaburini jina linasifu kazi ya mtu. Kijijini lilikuwa onyo la kukimbilia msituni.

Waliojipa wenyewe

Wapo watawala walioamua kutosubiri. Mwaka 1972 Joseph-Désiré Mobutu alijiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu Wa Za Banga, akawataka raia wa Zaire nao waache majina ya Kikristo. Mei 1997 alikimbia nchi, na mwaka huohuo akafia Morocco. Nchi ilirudia jina la Kongo, na watu wengi wakarudia majina yao ya ubatizo.

Idi Amin wa Uganda alikwenda mbali zaidi. Alikuwa Rais wa Maisha, Jemadari Mkuu, Daktari, Bwana wa wanyama wote wa nchi kavu na samaki wa baharini, na Mshindi wa Dola ya Uingereza. Ilihitaji pumzi kuyamaliza hayo. Watanzania, jeshi lake lilipovamia Kagera mwaka 1978, walimpa jina la neno moja: Nduli. Aprili 1979 Kampala ilitekwa, vyeo vikaisha. Nduli bado lipo midomoni mwa watu wazima wengi wa Tanzania.

Baada ya uhuru

Julius Kambarage Nyerere aliitwa Mwalimu kwa sababu alikuwa mwalimu kweli, Tabora na kisha Pugu, hadi alipoacha kazi mwaka 1955 ili akitumikie chama cha TANU. Ni jina la heshima ambalo hakuna aliyelazimishwa kulitumia. Lakini mitaani alikuwa pia Mchonga, kwa ajili ya meno yake, na jina hilo lilitamkwa kwa sauti ya chini.

Mrithi wake, Ali Hassan Mwinyi, alifungua milango ya biashara baada ya miaka ya foleni na kaya zisizo na sabuni. Akawa Mzee Rukhsa. Aliyepata mtaji alilitamka kwa shukrani. Aliyeona nidhamu ya kazi inalegea alilitamka kwa kejeli. Mwinyi alifanya jambo la busara: alilikubali lote. Kitabu cha maisha yake, kilichozinduliwa mwaka 2021, kinaitwa hivyohivyo, Mzee Rukhsa. Benjamin Mkapa alikuja na kaulimbiu ya ukweli na uwazi, lakini mtaa ukatunga neno lake, ukapa, maana yake mfuko mtupu.

Kenya mambo yalikuwa hayohayo. Daniel arap Moi alipoingia madarakani mwaka 1978 aliahidi kufuata nyayo za Mzee Kenyatta. Haikuchukua muda nyayo zikawa zake, na mwaka 1984 akawataka mawaziri waimbe wimbo wake kama kasuku. Waliokuwa shule za msingi wanakumbuka maziwa ya Nyayo. Waliofungiwa na kuteswa chini ya jengo la Nyayo House, Nairobi, wanakumbuka jambo jingine. Neno ni moja.

William Ruto aliomba kura mwaka 2022 kama hasla, mtu wa kujitafutia. Kodi zilipoongezeka, Wakenya wakafungua Injili ya Luka, sura ya 19, wakampata Zakayo, mkuu wa watoza ushuru aliyepanda mkuyu. Juni 2024 vijana walijaa barabarani wakimtaka Zakayo ashuke, na tarehe 26 rais akatangaza kwamba hatausaini mswada wa fedha. Ni nadra jina la utani kufika karibu hivyo na meza ya sheria.

Ukiyapanga majina haya pamoja, unapata historia ambayo magazeti ya serikali hayaiandiki: nani aligawa, nani alipora, nani alifungua duka, nani alitoza. Mengi hayajaandikwa popote, hasa ya maliwali, maakida na mabwana shauri wa wilayani, na wanaoyajua wanazidi kupungua. Mwenye mzee nyumbani amuulize leo watawala wa ujana wake waliitwaje na kwa nini, kisha ayaandike pamoja na sababu zake zote mbili, ya mtawala na ya mtawaliwa.