Nahodha Juu ya Milima ya Gusii

Msikilizaji wa Kisii au wa Nyamira afunguapo redio jioni ya siku ya mechi, husikia kwamba nahodha wa Shabana amefunga bao katika uwanja wa Gusii, na kwamba timu fulani ingali imeshika usukani wa ligi. Kisha, habari za michezo zikiisha, husikia kwamba gavana amewahutubia watu wa kaunti yake, naye huyapokea maneno nahodha, usukani na gavana bila ya kuuliza yalikotoka, kwa kuwa amezaliwa akayakuta. Ajabu iliyomo, ambayo kwangu ni kubwa, ni kwamba kaunti hizi mbili zi milimani, mji wa Kisii wenyewe ukiwa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, wala hakuna hata moja iliyofika ukingoni mwa Ziwa Viktoria, sembuse upwa wa Bahari ya Hindi, ilhali maneno hayo matatu asili yake ni chomboni.

Nahodha ndiye mwenye nasaba ndefu. Waajemi waliunganisha maneno mawili, moja likiwa na maana ya merikebu na la pili maana ya bwana, wakapata nakhuda. Na jina hilo likasafiri na pepo za msimu, Waarabu, Wahindi na watu wa pwani yetu wakilitia kila mmoja lafudhi yake, hata likawa kwa Waswahili ni mkuu wa jahazi, ambaye abiria na mabaharia wote walikuwa chini ya amri yake. Wasemao kapteni hawakukosa, maana neno hilo chanzo chake ni kichwa kwa Kilatini, kama rais litokavyo katika kichwa kwa Kiarabu. Lakini ningewasihi watangazaji wetu wasiliache nahodha, kwa sababu kichwa hukaa juu ya viungo vingine, ilhali nahodha yumo chomboni pamoja na wenziwe, na chombo kikizama huzama naye.

Na Shabana, klabu iliyoanzishwa mwaka 1980 ikachukua jina la duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, nayo jina lake ni la Kiajemi, lenye maana ya kitu cha usiku. Basi mwaka 2023, klabu iliporejea katika ligi kuu baada ya miaka 17, waliomshangilia nahodha wa Shabana walikuwa wakitamka Kiajemi mara mbili kwa pumzi moja.

Usukani ni neno la Kiarabu. Kijana wa leo hudhani ni ule wa matatu iendayo Keroka, kumbe kabla ya gari lolote kufika huku usukani ulikuwa nyuma ya jahazi, ndani ya maji. Ulipanda milima hii pamoja na Kiswahili chenyewe, ambacho kililetwa na askari, makarani na wachukuzi tangu Waingereza walipojenga boma lao Kisii mwaka 1907, kikazidi kuenea wakati wa vita vya 1914, Wajerumani walipofika wakapigana nao papo hapo mjini.

Gavana alichukua njia nyingine kabisa. Cheo hiki tumekizoea tangu mwaka 2013, kaunti zilipoanza kazi chini ya katiba ya 2010, nasi tulilipokea jina lake kwa Waingereza, ambao walilipata kwa Wafaransa, nao Wafaransa wakalirithi kutoka Kilatini, ambacho kilikuwa kimeliazima zamani sana kwa Wayunani. Na kwa Wayunani hao kitendo kilichozaa jina hili kilikuwa ni kuongoza merikebu kwa usukani. Hivyo Nyamira na Kisii, zisizo na bandari wala gati, kila moja imemchagua mshika usukani wake kwa kura, na jina lake limezifikia kwa bahari ya Wayunani, kama la nahodha lilivyozifikia kwa bahari ya Waajemi.