Wewe Ni Nani Ukishavua Glavu?

Mjini Kampala bondia haulizwi hali, anaulizwa pambano. Nikipita Naguru au Katwe lazima mtu anishike mkono: "Bingwa, lini tena?" Watoto wangu wako sekondari, tumbo limeanza kutangulia, na ulingo niliuacha zamani. Mtaani, hata hivyo, mimi bado ni ngumi mbili za uzito wa bantam. Salamu ile ni tamu, na utamu wake una madhara. Humpata kila kijana aliyepewa jina na mchezo mmoja, awe bondia, mkimbiaji, au mtoto anayepelekwa Munyonyo mwisho wa wiki kujifunza kupanda farasi.

Nimekulia kambi ya polisi ya Nsambya. Baba alikuwa konstebo kutoka Lira, jirani wa kulia alitoka Arua, wa kushoto Soroti, na Kiswahili ndicho kilichotukalisha pamoja. Kambini mchezo ulikuwa mlango wa ajira. Kijana akionekana ana mikono mizuri, timu ya polisi, magereza au jeshi humchukua, naye anapata mshahara na chumba. Mambo hayajabadilika sana: mkimbiaji Joshua Cheptegei ni askari polisi, na Stephen Kiprotich, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini London mwaka 2012, ni askari magereza.

Ndiyo maana kwetu kustaafu si suala la moyo peke yake. Bondia ndiye aliyelipa karo za wadogo zake. Akiacha kupigana, makofi yanakoma, na kwenye kikao cha ukoo neno lake halisubiriwi tena. Ukimwambia mtu huyo "jipende tu" umemtania. Thamani yake ilikuwa na risiti.

Isitoshe, tulilelewa na majina makubwa. Mabondia Leo Rwabwogo na Eridadi Mukwanga ndio walioipatia Uganda medali zake za kwanza za Olimpiki, Mexico mwaka 1968. Ayub Kalule akawa bingwa wa dunia mwaka 1979, John Mugabi akafuata mwaka 1989. Lakini tangu Mugabi alete medali ya fedha kutoka Moscow mwaka 1980, hakuna bondia wetu aliyepata medali ya Olimpiki. Piga hesabu ya vijana wote waliotoa jasho kwenye magunia ya mazoezi tangu mwaka huo. Karibu wote wameondoka mikono mitupu. Swali la "nitakuwa nani nikiacha" si la walioshindwa wachache. Ni letu sote.

Wataalamu wamelichunguza. Mwaka 1993 wanasaikolojia wa Marekani, Britton Brewer, Judy Van Raalte na Darwyn Linder, walieleza kipimo cha kujua mtu anajitambua kwa mchezo kiasi gani. Anaulizwa, kwa mfano, kama marafiki zake wengi ni wanamichezo, kama mchezo ndio jambo kubwa kuliko yote maishani mwake, na kama angehuzunika mno akiumia asiweze kushindana. Hawakusema kujitambua hivyo ni ugonjwa. Anayejiona mwanamichezo hasa ndiye anayeamka alfajiri kukimbia huku wenzake wamelala. Shida huja pale mchezo unapokuwa jibu pekee alilonalo, kisha goti likakataa au kocha akachagua mwingine. Mtafiti mwingine, Patricia Linville, alikuwa ameonyesha katika miaka ya 1980 kwamba mtu mwenye nafasi nyingi maishani hustahimili zaidi pigo linapoangukia mojawapo. Aliyeshindwa kazini lakini ni mwimbaji wa kwaya, mjomba wa watu na mweka hazina wa chama cha mtaa, bado ana pa kwenda jioni.

Kambini hatukusoma tafiti hizo. Tulikuwa na John Akii-Bua, askari polisi na mtu wa kabila la Lango kama baba, ambaye baba alimtaja kana kwamba walichunga mbuzi pamoja. Katika Olimpiki ya Munich, mwaka 1972, alipangwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambako kona ni kali kuliko zote. Akashinda mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 48. Leo kuna barabara yenye jina lake Nakasero.

Simulizi nyingi huishia hapo. Mimi hupenda kuwasimulia vijana yaliyofuata. Mwaka 1976 Uganda iliungana na nchi nyingi za Afrika kususia Olimpiki ya Montreal, na huko huko Edwin Moses wa Marekani akaivunja rekodi yake. Akii-Bua aliipoteza bila kupewa nafasi ya kuitetea. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoporomoka, bingwa wa Olimpiki alikimbilia Kenya na kujikuta katika kambi ya wakimbizi, mpaka kampuni ya Puma ilipomsaidia kwenda Ujerumani. Baadaye alirudi nyumbani, akavaa tena sare ya polisi, akafundisha vijana. Alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 47, akazikwa kwa heshima za kitaifa.

Nachukua jambo moja katika maisha hayo. Rekodi inaweza kuondoka siku ambayo hata uwanjani hukufika. Lakini kazi ya askari na ya kocha aliweza kuirudia, kwa sababu zote mbili zilikuwa na watu waliomngoja.

Mimi nilimalizwa na karatasi. Orodha ya kambi ya timu ya taifa ilibandikwa ukutani, na jina langu halikuwamo. Sikuwa nimepigwa wala kuumia. Nilikaa nyumbani nikiwasimulia majirani mapambano ya zamani, hadi shangazi yangu, fundi cherehani wa Kiyembe Lane, alipotuma mtu aniite. Hakunipa pole. Alinionyesha majora ya vitambaa: "Beba haya, mwanangu. Ukimaliza, kaa pale ufumue pindo."

Kiyembe ni msongamano wa maduka ya vitambaa na mafundi katikati ya jiji, na pale hakuna aliyejali mkanda wangu. Mshonaji mwenye nusu ya umri wangu ndiye aliyenifundisha kutia uzi kwenye mashine ya overloki. Kilichonifaa kutoka ulingoni ni mazoea: kufika mapema, kurudia kitu kimoja bila kununa, na kumsikiliza aliye kwenye kona yako hata kama maneno yake yanauma. Umaarufu haukushona kifungo.

Kazi iliyonigeuza ni gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Buganda. Ugumu wa vazi lile uko mabegani: lazima yasimame na kuchongoka, yalingane kulia na kushoto, na yabaki hivyo mama anapopiga magoti kusalimia. Siku moja mama mmoja alileta kitambaa kwa ajili ya kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, ya binti yake, akalichukua vazi, akajitazama kwenye kioo, akalipa. Wiki iliyofuata akamleta dada yake. Hakujua kama nimewahi kuvaa glavu. Tangu nizaliwe, mtu nisiyemjua hakuwahi kunithamini kwa jambo ambalo halikumtoa mwenzangu damu.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza amsaidieje mtoto wake, simwambii amtoe mchezoni. La kwanza, namwambia ajisikilize mwenyewe. Kama mtoto huitwa "bingwa wangu" akishinda na nyumba nzima hunyamaza akishindwa, ameshafundishwa bei yake. Mpanda farasi ana jambo moja zaidi la kuangalia. Farasi huumwa, huzeeka, huuzwa na mwenyewe. Mtoto aliyejifunza pia kumlisha, kumsafisha na kutambua mguu unaouma, ana ujuzi unaobaki hata tandiko likiondoka.

La pili, kitu kingine kianze mchezo ukiwa bado mtamu. Ukingoja hadi jina lako lifutwe, utajifunza huku una hasira na una njaa, na hasira haisikii mwalimu. La tatu, kitu hicho kiwe na mtu anayekuhitaji. Kipaji cha chumbani hakitoshi. Jirani akigonga mlango kwa sababu mita yake ya umeme inasumbua, au wanakwaya wasipoanza kwa sababu hujafika, hapo umekuwa mtu wa watu kwa njia nyingine.

Jumamosi bado nafundisha ndondi. Kabla kijana hajavaa glavu, namuuliza wiki hii amefanya nini kisichohusu ngumi. Wengi hucheka. Juzi mmoja, mwepesi wa miguu kuliko nilivyowahi kuwa, alinijibu, "Mzee, mimi ni bondia tu." Sikubishana naye. Nilimwambia mazoezi yanaanza saa nne, na saa mbili nahitaji mtu wa kunishikia kitambaa nikate sare za shule. Alifika saa tatu kasoro, akinung'unika, na kola mbili za kwanza alizokata zinavalika.