Kinshasa: Safari moja, nauli tatu, abiria wachoshwa na «demi-terrain»

Asubuhi mjini Kinshasa, abiria anayetoka Kingasani kuelekea Gare Centrale haulizi kwanza bei. Anauliza gari linafika wapi kweli. Receveur aliyening'inia mlangoni anaweza kuita «Gare! Gare!», lakini karibu na Échangeur ya Limete dereva anageuza na watu wote wanaambiwa washuke. Nauli imekwisha kulipwa. Inabaki kutafuta gari lingine, ao kulipa tena na kupanda lile lile walilotoka.

Ndiyo «demi-terrain», yaani nusu ya njia. Bei ya kila mwendo hupangwa na serikali ya mji, na mara nyingi dereva haigusi. Anachokata ni barabara yenyewe. Mwendo wa nauli moja unalipiwa mara mbili ao tatu, na kwenye karatasi hakuna bei iliyovunjwa. Kwa mfanyakazi wa mshahara mdogo, ao mama anayeuza bidhaa chache, tofauti hiyo ni chakula cha jioni.

Shida inaanzia kwenye ramani. Kinshasa ina komini 24 na wakaaji wanaokadiriwa kupita milioni 15, lakini wizara, benki na ofisi nyingi zimerundikana Gombe, kando ya mto. Asubuhi umati unaelekea huko, na jioni umati huo huo unarudi Masina, Kimbanseke, Ngaliema na Mont-Ngafula. Upande wa mashariki, karibu mzigo wote unabebwa na boulevard Lumumba. Msafiri anayeshuka ndege kutoka Kisangani ao Bunia anaijua: uwanja wa N'djili uko zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji, na kilomita hizo zinaweza kuchukua muda mrefu kuliko ndege yenyewe. Mwezi wa Aprili 2025, mto N'djili ulipofurika na kuifunga barabara hiyo, serikali ililazimika kupanga boti za kuwavusha wasafiri waliokwama. Ilionekana siku hiyo namna mji mzima unavyotegemea njia moja.

Madereva wana hesabu yao. Wengi hawana mshahara. Kila jioni wanapeleka kwa mwenye gari «versement», kiasi kilichopangwa, iwe siku njema ao mbaya. Kinachobaki baada ya mafuta, na baada ya yale yanayoachwa njiani kwa polisi, ndicho chao. Gari likikaa saa mbili limesimama Limete, mafuta yanaungua na hakuna abiria mpya anayelipa. Basi dereva anachagua kipande ambacho magari bado yanatembea, anakirudia mara nyingi, na kipande kigumu anawaachia wengine.

Hapo ndipo mzunguko unapojifunga. Magari yanayogeuza katikati ya barabara yanaziba njia. Umati unaoshushwa kabla ya mwisho unamwagika hadi kwenye lami ukigombea viti. Msongamano unazaa demi-terrain, nayo demi-terrain inaongeza msongamano. Faini peke yake haiwezi kukata kamba hiyo, maana dereva aliyetozwa faini atatafuta mizunguko mingine mifupi ili aifidie.

Hatua zimechukuliwa, tena nyingi. Mwaka 2013 serikali ilianzisha kampuni ya mabasi Transco, wakati wengi walisafiri katika Mercedes 207 kuukuu zilizobatizwa «esprit de mort», roho ya kifo. Mwaka huo pia zilionekana roboti za kuongoza magari, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, jina ambalo msomaji wa mashariki hahitaji kutafsiriwa. Mwaka 2019 ikaanza miradi ya madaraja ya juu, «sauts-de-mouton». Ujenzi wake ulichelewa sana, na uzio wa kazi ukabana barabara zile zile zilizopaswa kufunguliwa. Oktoba 2024, Wizara ya Uchukuzi chini ya Jean-Pierre Bemba iliagiza magari yafuate upande mmoja kwa saa fulani, kisha upande wa pili, kwenye barabara kadhaa kubwa. Foleni zilihamia njia nyingine, watu wakatembea kwa miguu masafa marefu, na baada ya wiki chache mpango ukasimamishwa.

Kati ya hayo yote, Transco ndiyo iliyogusa kiini, ingawa hilo halisemwi mara nyingi. Dereva wake anaajiriwa kwa mshahara, hivyo hana faida ya kukata njia. Tatizo ni kwamba mabasi mengi yameharibika kwa kukosa vipuri, na wafanyakazi wamegoma zaidi ya mara moja wakidai mishahara yao.

Mwenye haraka na pesa kidogo zaidi anamwita «wewa», dereva wa pikipiki. Neno hilo ni la Kiluba cha Kasaï, maana yake «wewe», juu ya vijana wengi walioanza kazi hiyo walitoka huko. Wewa anapenya kati ya magari, wakati mwingine na abiria wawili ao watatu mgongoni, bila kofia ya usalama.

Saa kumi na moja jioni hesabu inageuka. Huko Gombe, wengine wanapanda gari linalokuja mjini likiwa bado mbali na kituo, wanalipa nauli ya kurudi nyuma, kisha wanabaki wamekaa likigeuza. Wanalipa mara mbili kwa kiti kimoja, ila hawagombani mlangoni, jambo ambalo kina mama wenye watoto na wazee hawaliwezi. Wasio na nauli ya pili wanatumia «ligne 11», jina la utani la miguu miwili. Wanafuata ukingo wa boulevard kuelekea Limete, viatu vizuri vya ofisi vikiwa ndani ya mfuko, na mara nyingi wanayapita mabasi yaliyosimama.