Kuandika Habari Zetu Wenyewe

Mwanafunzi akiambiwa aandike insha juu ya kwao, mara nyingi huanza na milima mirefu ya kijani na ndege waimbao, hata kama kwao ni huku chini Mzinga, na asubuhi ile alichosikia ni lori la mchanga. Huenda akapata alama nzuri. Lakini msomaji afikapo mwisho hajui lolote juu ya mtu yule wala mahali pale. Makala hii yataka kueleza uandishi wa namna nyingine, yaani kuandika maisha yako kwa kweli ili mwingine asome.

Kazi hii si ngeni katika Kiswahili. Hamed bin Muhammed, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake kabla ya kufa Unguja mwaka 1905. Ataja pembe za ndovu, vita na watumwa bila haya, na leo twamhukumu kwa maneno yake mwenyewe. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali alipotoa kitabu chake Maisha Yangu mwaka 1949, na humo ameeleza msiba wa mkewe Amina. Tena kwa miaka mingi alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge. Zile za 1931 hata 1958 zilipigwa chapa kuwa kitabu mwaka 2002. Kwa maoni yangu, anayeshindwa kuanza na aanze hivyo hivyo, kama anamwandikia ndugu yake mmoja, maana ndugu hadanganyiki upesi.

Kwa nini tujisumbue? Tazameni habari za Uluguru. Mwaka 1955 watu walifanya ghasia huko Matombo kupinga amri ya kulima matuta ya ngazi, na mtu mmoja akauawa. Maofisa waliandika taarifa zao. Mwaka 1960 Young na Fosbrooke walitoa kitabu cha Kiingereza juu ya ardhi na siasa za Waluguru. Je, mkulima aliyeyachimba matuta yale kwa jembe lake, na mkewe aliyekuwa nyuma yake, walisema nini jioni walipofika nyumbani? Hayo yamo vinywani mwa wazee, na waliokuwa watu wazima mwaka ule wamebaki wachache mno.

Vyombo vya kazi ni daftari na kalamu. Andika tarehe na mahali. Uliyoyaona yaweke mbali na uliyoyasikia, na uliyoyasikia utaje nani kakwambia. Usiseme tu kwamba maji yalikuwa ya shida. Sema ni ndoo ngapi zilizochotwa, kutoka wapi, na nani aliyezibeba. Mto wetu wa Mzinga hupeleka maji katika bwawa la Mindu, ambalo mji wa Morogoro hulitegemea. Mwanafunzi avukaye mto huo kila siku, akaandika kwamba leo maji yamefika gotini na mwezi uliopita yalifika kiunoni, amewapa watu wa mjini habari ya kuwafaa.

Lililo gumu ni habari za watu wa nyumbani. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo ugomvi wa shamba mara nyingi ni ugomvi wa wajomba, nao wajomba husoma gazeti hili (au husomewa, ambayo ni hatari zaidi). Katika daftari lako andika mambo kama yalivyokuwa. Kabla ya kuyaleta kwa mhariri, nenda kwa mjomba, mwamkie, kisha msomee yote bila kuruka neno. Akisema umekosea tarehe au kipimo, sahihisha. Akisema, “Ondoa jina langu,” liondoe. Lakini akitaka useme kwamba shamba halikugombewa kamwe, mwitikie kwa adabu, ufunge daftari, na habari ile ikae humo kwanza. Insha ya muhula huu iandike juu ya mto.