Kulea mtoto wa mbwa kwa muda: kwa nini kadi ya chanjo ni muhimu kuliko chakula

Vikundi vya kuokoa wanyama vinategemea sana watu wa kujitolea. Unampokea mnyama aliyeokotwa, unakaa naye nyumbani wiki chache, kisha anapata mwenye kumchukua moja kwa moja. Wengi wanadhani kazi hii ni huruma tu: maziwa, uji na dawa ya viroboto. Lakini hapa Mtwara kuna sababu nyingine, na inahusu kichaa cha mbwa.

Kati ya 2010 na 2015, wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania na Pemba, Mtwara ikiwemo, zilikuwa kwenye mradi mkubwa wa kuchanja mbwa. Lengo lilikuwa kufikia angalau asilimia 70 ya mbwa. Kwa nini 70? Utafiti uliofanyika Serengeti na Ngorongoro ulionyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza wenzake kati ya mmoja na wawili kwa wastani. Kwa kasi hiyo, hata nusu ya mbwa wakiwa na kinga, ugonjwa unakosa pa kwenda. Asilimia zinazobaki ni akiba.

Akiba ya nini? Hebu tupige hesabu. Tuseme kijiji kina mbwa 100, na 70 wamechanjwa. Mwaka mmoja baadaye, 30 kati ya waliochanjwa wamekufa, na nafasi zao zimechukuliwa na watoto waliozaliwa baada ya kampeni. Idadi ya mbwa ni ileile, ila wenye kinga sasa ni 40. Hakuna aliyekosea, mbwa huishi maisha mafupi na huzaa sana. Pengo ni watoto wa mbwa, yaani haohao wanaookotwa mitaani.

Wenye mbwa wengi huamini kwamba mtoto wa chini ya miezi mitatu hachanjwi kichaa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwenye kampeni wachanjwe wote, wadogo pia. Basi mlezi wa muda akimpeleka wake kwa daktari wa mifugo mapema na kutunza kadi, amepunguza lile pengo kwa mbwa mmoja.

Ila usijidanganye kwamba sindano ikishaingia tu, hatari imekwisha. Kinga huchukua wiki kadhaa kujengeka, na mbwa ambaye tayari ana virusi mwilini chanjo haimwokoi. Virusi huweza kukaa kimya kwa wiki, hata miezi. Na huku kwetu siyo mbwa pekee: utafiti uliofanyika Lindi na Mtwara kati ya 2011 na 2019 ulikuta sehemu kubwa ya wanyama waliougua ni mbweha. Mtoto wa mbwa aliyeokotwa kwenye mashamba ya korosho huenda aliwahi kung'atwa usiku na hakuna mtu aliyeona.

Kwa hiyo, wiki za mwanzo:

Mtenge na mbwa wengine na watoto wadogo. Kutengwa wiki mbili kunasaidia pia dhidi ya ugonjwa wa parvo, unaoua watoto wa mbwa kwa kuhara damu.

Mpe dawa ya minyoo kwa ushauri wa daktari, na zoa kinyesi kila siku. Minyoo ya mbwa huingia kwa watoto wanaochezea mchanga.

Mzoeshe watu na sauti za nyumbani, taratibu. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, ubongo wake unajifunza nani wa kuogopwa. Asiyezoea watu hukua na woga, na mbwa mwoga huuma.

Akikuuma au kukuparura, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje uone kama ataugua, maana dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kama unapokea mbwa wasiojulikana mara kwa mara, muulize daktari kuhusu kuchanjwa wewe mwenyewe kabla.

Zungumza na mwenye nyumba na majirani kabla mbwa hajafika. Kwa Waislamu wengi wa pwani mate ya mbwa ni najisi, hivyo asizurure kwenye baraza la watu wala kugusa vyombo vyao. Ukikubaliana nao mapema, watakuwa wa kwanza kukuambia akitoroka.

Pemba inatufundisha jambo. Kichaa kilitoweka huko 2014, kikarudi 2016, na ilibidi mbwa wachanjwe tena mpaka kikaisha 2018. Kinga isipofanywa upya, inapungua yenyewe. Siku unapomkabidhi mbwa wako kwa mwenye kumchukua, mpe na kadi, na mwonyeshe tarehe ya chanjo inayofuata.